MASWALI YA WASOMAJI: Spika haina kosa, angalia programu inasomaje faili

Mwezi huu kikapu kimejaa maswali ya watu wanaoandika programu za kusoma na kuhariri sauti, na karibu wote wanamlalamikia asiyehusika, mara spika, mara hedifoni, mara kadi ya sauti. Faili la sauti ni namba zilizopanga foleni, kila moja inaitwa sampuli na inaonyesha kimo cha wimbi la sauti kwa wakati mmoja, na mbele yake kuna maelezo mafupi ya namna ya kuzisoma, programu ikiyakosea hayo maelezo basi ndo utasikia vituko. Nimechagua machache, aliyekosa jina lake ajitafute kwenye swali la mwenzake maana mengi yanafanana.

*

Fundi habari za kazi. Nina rekodi ya mahojiano, naisoma kwa librosa kwenye Python alafu naicheza kwa sounddevice (zote laibrari za sauti). Mzee mzima anasikika kama katoto na anaongea mbio mbio. Faili ni la sampuli 44100 kwa sekunde, nimehakikisha, na nimecheza kwa 44100 hiyohiyo. Pleya ya kawaida inalicheza vizuri tu. Nimebadilisha hedifoni, nimebadilisha na kompyuta, wapi. — Mhariri wa usiku

Nzuri mkuu. Hedifoni ziachie huru hazina kesi.

Tatizo liko kwenye ule mstari wa kufungua faili. librosa.load usipoiambia chochote ina tabia mbili, zimeandikwa wazi kwenye maelezo yake ila nani anasoma: inageuza kila faili liwe la sampuli 22050 kwa sekunde, na inachanganya kushoto na kulia kuwa mono. Walioitengeneza wana sababu zao, ile laibrari ni ya kuchambua muziki na kwa uchambuzi 22050 inatosha na hesabu zinapungua, lakini we ulitaka kucheza, hukutaka kuchambua. Kwa hiyo faili kwenye diski ni 44100 kweli kabisa, ila kilichofika kwenye memori ni nusu ya sampuli na wewe ukazitema kwa 44100. Maongezi ya sekunde mbili yanaisha ndani ya sekunde moja na sauti inapanda oktava nzima. Mzee amekuwa katoto.

Andika librosa.load(faili, sr=None, mono=False). Na ile fankisheni inarudisha vitu viwili, sampuli zenyewe na kiwango chake, hicho cha pili watu wengi wanakitupa wakati ndicho unachotakiwa kumpa anayecheza. Usiandike 44100 kwa mkono sehemu yoyote ya programu, chukua ulichopewa. Angalizo moja, ukiweka mono=False na faili likawa la stereo, librosa inakupa safu yenye chaneli kwanza sampuli baadae, sounddevice yenyewe inataka sampuli kwanza, kwa hiyo igeuze kwa .T kabla hujaicheza la sivyo utaletewa erra ya ajabu ukaanza kulaumu hedifoni tena.

Huyu wako angalau anajionyesha. Mbaya zaidi ni yule wa 44100 kuchezwa kwa 48000, mwendo unazidi kama asilimia 9 na sauti inapanda nusutoni moja na nusu hivi, mtu anasikiliza wiki nzima hajagundua, anasema tu mwimbaji leo kachangamka.

Na siku ukihitaji kweli kushusha kiwango, usiruke sampuli moja moja ukadhani umemaliza kazi. Kwa sampuli 22050 kwa sekunde huwezi kubeba masafa (mitetemo kwa sekunde) yanayozidi nusu yake, yaani 11025 Hz, na yanayozidi hapo hayapotei kwa adabu, yanarudi chini yakiwa yamevaa sura nyingine. Mlio wa 15000 Hz utausikia ukiwa 7050 Hz, na ukishaingia hapo hakuna wa kuutoa. Chuja kwanza masafa ya juu ndo upunguze, au tumia fankisheni ya kubadilisha kiwango ambayo inachuja yenyewe.

(Ambao huwa mnauliza hiyo 44100 ilitoka wapi mbona haijakaa sawa: kabla ya CD kuingia sokoni mwaka 1982, sauti ya dijitali ilikuwa inahifadhiwa kwenye mashine za kanda za video. Sampuli 3 kwenye kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde, zidisha. Kwenye mfumo wa 50 kwa sekunde ilikuwa mistari 294, zidisha tena, jibu ni lilelile.)

*

Shikamoo fundi. Najifunza C, nimeandika kisomaji changu mwenyewe cha WAV (aina ya faili la sauti) bila laibrari yoyote. Naruka baiti 44 za mwanzo, zinazobaki nasoma kama sampuli za biti 16. Mafaili mengi yanakubali. Yale niliyoyapitisha FFmpeg (programu ya kubadilisha mafaili ya sauti na video) yanaanza na kamlio "tk" alafu kushoto kumehamia kulia. Na kuna moja la rafiki yangu, lote ni shhhhh mwanzo mwisho. — Mwanafunzi wa C

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuandika mwenyewe, nusu ya wanaoniandikia hawajawahi hata kufungua faili la WAV kwenye edita ya heksa wakaona ndani kuna nini.

Hiyo 44 ndo imekuponza. Ni mazoea tu, sio sheria. WAV ilitolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991 juu ya mpangilio unaoitwa RIFF, na RIFF ni vipande vinavyofuatana. Baiti 12 za kwanza ni neno RIFF, ukubwa, na neno WAVE. Baada ya hapo kila kipande kina jina la herufi 4, kisha ukubwa wake wa baiti 4, kisha mzigo wenyewe. Kipande cha "fmt " (kina nafasi tupu mwishoni, usiisahau kwenye kulinganisha) ndicho chenye maelezo: aina ya namba, chaneli, sampuli kwa sekunde, biti kwa sampuli. Kipande cha "data" ndo sauti. Kama vipo hivyo viwili tu na fmt ina baiti 16, sauti inaanza baiti ya 44 na kila mtu anafurahi. Lakini hakuna anayezuia programu kuweka vipande vingine katikati, na FFmpeg kwa kawaida inaweka kimoja kinaitwa LIST chenye jina la programu iliyotengeneza faili, hapo mara nyingi sauti inaanza baiti ya 78.

Sasa piga hesabu uone uchawi wako unavyoisha. 78 toa 44 unabaki na baiti 34, umezisoma kama sauti, hiyo ni "tk" yako. Stereo ya biti 16 inatumia baiti 4 kwa kila jozi ya kushoto na kulia, 34 gawa kwa 4 ni 8 na nusu. Hiyo nusu ndo iliyohamisha chaneli! Ulianza katikati ya jozi, kuanzia hapo kila cha kushoto unakisoma kama cha kulia mpaka faili linaisha. Ingekuwa umekosea kwa baiti moja tu kwenye biti 16 ungepata shhhh tupu kwa sababu unaunganisha nusu ya namba hii na nusu ya namba inayofuata.

Kwa hiyo usiruke namba ya baiti uliyoikariri. Soma jina, soma ukubwa, kama sio unachokitafuta kiruke kwa ukubwa uleule, na ukubwa ukiwa witiri ruka baiti moja zaidi, hiyo watu wengi inawapita. Endelea mpaka ukutane na data.

La rafiki yako sijaliona ila ningeanza kuangalia biti. Namba ya aina kwenye fmt ikiwa 1 ni namba nzima za kawaida, ikiwa 3 ni namba za desimali, ikiwa 65534 maelezo kamili yako mbele zaidi kwenye kipande hichohicho. Biti 24 zikisomwa kama 16 zinatoa shhhh nzuri sana, na floti (hizo namba za desimali) za biti 32 vilevile. Kwa biti 24 unachukua baiti 3, ya kwanza ndo ndogo, unaziunganisha, na jibu likifika 8388608 au zaidi unatoa 16777216 ili upate namba hasi. Biti 8 ndo kituko kingine maana kwenye WAV hazina hasi kabisa, ukimya ni 128 na sio 0.

Na ukubwa wa data usiuamini kama msahafu. Faili likiwa limetengenezwa kwa kumiminwa kutoka programu moja kwenda nyingine, aliyeliandika hakujua litaishia wapi, unaweza kukuta pameandikwa 4294967295. Kisomaji chako kikienda kuomba memori ya ukubwa huo kitaanguka, soma mpaka faili liishe basi.

*

Kaka, nachanganya ngoma na sauti ya mwimbaji kwa NumPy (laibrari ya hesabu ya Python), najumlisha tu safu mbili nilizosoma kwa SciPy, laibrari mwenzake. Kila mmoja peke yake yuko safi. Wakiwa pamoja, sehemu za juu zinapasuka, na sio mpasuko wa kawaida wa sauti kuzidi, hii inauma masikio. Python haisemi kitu. — Mchanganyaji

Haisemi kwa sababu kwa NumPy hakuna kosa lililotokea, ndo uzuri na ubaya wake. scipy.io.wavfile ikisoma WAV ya biti 16 inakupa int16, yaani namba nzima za biti 16, na int16 inaishia 32767. Ngoma ikiwa 20000 na mwimbaji 20000 kwenye sampuli hiyohiyo, jumla ni 40000, haiingii, kwa hiyo inazunguka na kutokea upande wa pili ikiwa -25536. Yaani pale ambapo wimbi lilitakiwa liwe juu kabisa limetupwa chini kabisa, alafu sampuli inayofuata limerudi. Sauti iliyozidi kwa kawaida inakatwa kichwa tu, mbaya lakini unavumilia, hii ya kuzunguka ni kama kugonga spika na nyundo.

Ukishasoma tu, geuza kuwa float32 (floti za biti 32) na ugawe kwa 32768, kila kitu kiwe kati ya -1 na 1. Fanya mambo yako yote humo ndani: jumlisha, punguza, chuja, ongeza mwangwi. Ndani ya floti ukizidi 1 hakuna kilichoharibika, namba bado ipo nzima, ndo maana sipendi kuona mtu anakata kwa np.clip baada ya kila hatua, anaharibu vitu ambavyo hatua inayofuata ingevipunguza yenyewe. Mwishoni tafuta kilele, yaani namba kubwa kuliko zote ukiacha alama ya hasi, kama imezidi 1 punguza wimbo mzima kwa kiasi kimoja, clip iwe ya usalama tu, zidisha kwa 32767, geuza int16, hifadhi.

Kuna wanaosema gawa kwa idadi ya traki na mambo yaishe. Kwa traki mbili sawa, unapoteza desibeli 6. Ukiwa nazo kumi unapoteza 20, na traki hizo kumi karibu kamwe hazifiki kileleni kwa pamoja, unabaki na wimbo unaonong'ona bila sababu. Mi napima kilele cha mchanganyiko wenyewe. Ila upime faili lote, nimeona programu inapima kila kipande kidogo na kukipandisha kivyake, matokeo yake kila mwimbaji akipumzika mvumo wa chumba unapanda juu, akianza kuimba unashuka.

*

Nimezidisha sampuli zote kwa 2 lakini mbona haisikiki kubwa mara mbili? — Mtu wa hesabu

Sikio halihesabu kama wewe. Kuzidisha kwa 2 ni kuongeza desibeli 6 hivi, na watu wengi huanza kusema "hii ni mara mbili" kwenye desibeli 10 hivi, ambayo ni kuzidisha kwa kama 3.16. Kitelezi cha sauti kwenye programu yako kifanye cha desibeli, kipimo ni 10 kwa kipeo cha desibeli gawa kwa 20, ukikifanya cha kuzidisha moja kwa moja utaona mabadiliko yote yamerundikana upande mmoja wa kitelezi.

*

Fundi, rekodi yangu ni ya mkutano uliochukua muda wa saa tatu, stereo 44100 biti 16. Nikiifungua kwa soundfile ya Python kompyuta inaganda. Nikashauriwa nisome vipande vya sampuli 65536 na kila kimoja nikipitishe kwenye kichujio cha kuondoa mvumo wa chini. Imekubali, ila sasa nasikia "tik" kila baada ya sekunde moja na nusu. — Katibu aliyechoka

Pole sana katibu. Umeshatatua shida ya kwanza, ya pili umeitengeneza palepale.

Kuganda ni hivi. Faili lako kwenye diski ni baiti 176400 kwa sekunde, kwa saa tatu unakaribia gigabaiti 1.9. Lakini soundfile.read usipoiambia inakupa float64, kila sampuli iliyokuwa baiti 2 imekuwa 8, kwa hiyo 7.6, na ukifanya nakala moja tu ya kuchuja ni zaidi ya 15. Vipande ndo njia sahihi, na weka dtype='float32' maana kwa maongezi ya mkutano float64 ni mbwembwe.

Tik sasa. 65536 gawa kwa 44100 ni sekunde 1.49, umeona? Inatokea kwenye kila mpaka wa kipande. Kichujio cha aina yako kina kumbukumbu, kila sampuli inayotoka imetokana na zilizopita, na wewe kila ukianza kipande kipya unakiamsha kikiwa hakikumbuki kitu, kinadhani kabla ya hapo kulikuwa na ukimya. Kwa hiyo kinaruka. sosfilt ya SciPy inapokea kitu kinaitwa zi, ukiipa inakurudishia matokeo pamoja na hali ya kichujio ilivyoishia, chukua hiyo hali uipe kipande kinachofuata. Kila chaneli iwe na hali yake. Ukifanya hivyo matokeo yanakuwa sawa na kuchuja faili zima kwa mkupuo mmoja, tik zinaisha zote.

Hiyo ni kwa vichujio vya hivi. Ukija kufanya kazi ya masafa kwa FFT (hesabu ya kugawa sauti katika masafa yake), kutunza hali hakukusaidii, kule vipande vinatakiwa vipishane, kwa mfano nusu kwa nusu, na kila kimoja kilainishwe kingo zake kwa dirisha la Hann (umbo linaloshuka taratibu hadi sifuri pande zote mbili) kisha ujumlishe vinapopishana.

Na mikutano yenu ikizidi kurefuka, jua WAV ya kawaida ina mwisho: ukubwa umeandikwa kwa biti 32, hauvuki gigabaiti 4, kwa rekodi kama yako ni kama saa 6 na dakika 45. Zaidi ya hapo ni RF64, WAV ya ukubwa zaidi iliyotolewa na EBU (umoja wa watangazaji wa Ulaya), au gawa mafaili.

*

Mbona kila jibu lako ni WAV WAV, kwani FLAC ina ubaya gani? — Mpenda FLAC

Haina ubaya wowote, hifadhi ya kazi zangu zilizoisha yote ni FLAC. Ipo tangu 2001, inapunguza ukubwa na ukiifungua unapata namba zilezile biti kwa biti. Ila haihifadhi floti, ni namba nzima tu, kwa hiyo kazi ambayo bado naipika katikati na vilele vimevuka 1 naiacha kwenye WAV ya floti.

*

Natengeneza gemu, muziki wa nyuma unajirudia. Nimekata lupu vizuri kabisa kwenye edita, inajirudia bila kusikika. Nikihifadhi MP3 kwa ajili ya kupunguza ukubwa, kila ikirudi mwanzo kuna kakimya kidogo. — Mtengeneza gemu

Hako kakimya kametokana na MP3 yenyewe, edita yako iko sawa. MP3 inafungasha sampuli 1152 kwa kila fremu na haijui nusu fremu, wimbo wako usipogawanyika sawasawa mwishoni panajazwa ukimya. Mwanzoni napo panaongezwa: LAME (programu ya kutengeneza MP3) kwa kawaida inaweka sampuli 576, dikoda inayoifungua inachelewa 529 zake, jumla 1105, kama milisekunde 25. Kwenye wimbo unaosikilizwa mara moja nani atajua, kwenye lupu yenye mdundo unatoka nje ya mdundo kila mzunguko. LAME huwa inaandika kwenye faili imeongeza kiasi gani, na pleya zenye adabu zinasoma na kukata, ila laibrari nyingi za gemu hazijihangaishi.

Tumia Ogg Vorbis, ukubwa utapungua vilevile na faili linatunza idadi kamili ya sampuli, kwa hiyo mwisho unakuwa palepale ulipokata. Ukishahifadhi lifungue kwa programu, hesabu sampuli, linganisha na WAV uliyoanza nayo, zikiwa sawa na bado unasikia "tk" pale kwenye maungio basi sampuli ya mwisho na ya kwanza haziko karibu kimo, rudi kwenye edita ukate pale wimbi linapovuka sifuri likiwa linaelekea upande uleule pande zote mbili. Usiweke kufifisha mwanzo na mwisho kama unavyofanya kwa klipi za kawaida, milisekunde 10 za kufifisha kwenye mlio wa mlango hakuna anayezisikia, ila kwenye lupu ya vinanda virefu utaleta shimo lilelile ulilokuwa unalikimbia.